Fulana ya Kubana

Ukimkuta Mama Pindo ana pini mdomoni, usimsalimie. Atakujibu kwa pua, na hutajua kama ameitikia au amekufukuza. Subiri kwanza azichomeke kwenye kitambaa, ndipo mzungumze.

Jina hilo alipewa na wateja wake. Suruali ikishakunjwa pindo na fundi huyu, imekunjwa. Mvaaji atakua, atanenepa, suruali itapauka, lakini mshono utabaki pale pale. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, dirisha lake likitazama barabara. Humo mlikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na vipande vya vitambaa kila mahali, hata chini ya mto wa kiti.

Aliishi na mwanawe wa pekee. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, leo yupo kesho hayupo. Rafiki zake wa utotoni walimwita Koti mpaka leo. Mama Pindo hilo lilimchekesha sana.

"Koti gani?" alikuwa akisema. "Mtu mwenyewe hana hata moja. Nimemshonea kila nguo, koti amekataa."

Mumewe alikuwa akitabasamu tu, kisha anabadilisha mazungumzo.

Basi, shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wazazi walifika asubuhi na jioni kushonesha sare. Watoto wa watu walipimwa wakaisha. Wa mwisho alikuwa mtoto wa fundi mwenyewe, kama ilivyo kawaida ya mafundi.

"Kipa, njoo nikupime," mama aliita.

Kipa ndilo jina walilomwita wenzake, kwa sababu ndiye aliyelinda goli la timu ya shule. Alikuwa na mikono mirefu na roho ya kujirusha popote. Siku hizi sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Aliweza kuanza neno kwa sauti ya mzee na kulimaliza kwa sauti ya kifaranga. Mama yake alizoea kumtania, na wote wawili wakacheka.

Siku hiyo Kipa hakuwa na hamu ya kucheka.

"Mama, tumia vipimo vya mwaka jana."

"Vya mwaka jana? Suruali ya mwaka jana inakuishia kwenye ugoko, utadhani unavuka mto. Njoo bwana, nina kazi."

Kipa akaja akiburuta miguu. Akasimama na mikono imemganda ubavuni. Mama akapitisha futikamba, ule utepe wake wa kupimia, akauzungusha kifuani na kuuvuta kidogo. Kipa akaruka nyuma na kujikunyata.

"Unaniumiza, mama."

"Kwa utepe huu?"

"Niligongwa na mpira."

Lakini fundi wa nguo huona kwa vidole. Mama Pindo alikuwa amehisi kitu. Akamsogelea taratibu, akaweka kiganja juu ya shati. Chini ya chuchu moja palikuwa na kitu kigumu, kama kifungo kikubwa kilichoshonwa ndani ya ngozi. Upande wa pili kulikuwa na kingine, kidogo zaidi. Hata kwa macho, sasa alivyotazama vizuri, kifua kilikuwa kimeinuka.

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Na hukuniambia?"

Kipa akatazama vitambaa chini. Mama naye moyo ulimpasuka. Dada yake, yule mama mkubwa wa Kipa, alikuwa amefariki kwa ugonjwa ulioanza hivyo hivyo, kwa uvimbe kwenye titi. Alikuwa amelala katika nyumba hii hii, akauguzwa katika nyumba hii hii. Kipa alikuwa mdogo wakati huo. Mama Pindo alijiambia kwamba mtoto hakumbuki.

"Twende kituo cha afya," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Hapana, mama. Tafadhali. Usimwambie mtu. Shati likilowa jasho wanaona. Kuna mmoja ameshaanza kuniita dada. Nikienda huko mtaa wote utajua."

Tusidanganyane. Mama Pindo alifurahi kukataliwa. Aliogopa kituo cha afya kuliko mwanawe alivyokiogopa. Alikumbuka siku daktari alipoutaja ugonjwa wa dada yake kwa jina. Kabla ya siku ile, dada yake alikuwa mtu mwenye maumivu. Baada ya siku ile akawa mgonjwa. Kwa hiyo mama akajipa moyo kwamba lisipotajwa, labda halipo. Mumewe alipopiga simu, akamwambia huku salama, hakuna neno.

Ila hakuweza kukaa bure. Mikono yake ilitaka kufanya kitu, na mikono hiyo ilijua kazi moja tu.

Akachagua kitambaa kizito, kile cha kushonea mikoba. Akakata fulana isiyo na mikono, akaipunguza kila upande. Akaweka lastiki pana na vibanio vya chuma ubavuni. Akashona mara mbili mbili kila mshono. Akilini mwake hesabu ilikuwa rahisi. Rinda ukiligandamiza kwa pasi linalala. Kitambaa kilichovimba ukikibana kinatulia. Kwa nini mwili nao usitulie?

Kipa alipoivaa na kujitazama kwenye kioo, kifua kilikuwa bapa kama meza ya kukatia. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alicheka.

"Mama, wewe ni fundi kweli."

"Uwe unalala nayo pia," mama akasema. "Ifanye kazi haraka."

Naye akalala nayo. Aliivaa shuleni, mazoezini, na kitandani. Baada ya muda alianza kula kidogo, kwa sababu chakula hakikupata nafasi ya kushuka. Akipanda ngazi alipumua kama aliyekimbizwa. Kwapani ngozi ikachubuka na kuanza kutoa majimaji. Maumivu ya kifua nayo hayakupungua, yaliongezeka. Kipa hakusema. Aliogopa fulana ikilegezwa, siri itatoka nje. Mama naye aliona mwanawe amepauka, akaingiwa na hofu kwamba ugonjwa ndio umeanza kumla. Usiku akaongeza lastiki nyingine.

Unaona walivyokuwa? Kila mmoja anamficha mwenzake, na wote wanaficha kitu kile kile.

Jioni moja mtoto mmoja wa timu alikuja mbio mpaka dirishani kwa fundi.

"Mama Kipa, mwalimu anakuita uwanjani. Njoo na mkasi."

"Mkasi wa nini?"

"Kipa hapumui vizuri."

Hakuvaa viatu. Alifika uwanjani na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, pumzi juu juu. Mwalimu wa michezo alikuwa amewafukuza wachezaji wengine wakae mbali. Kipa alikuwa ameketi nyuma ya goli, midomo imekauka, macho yamemtoka, anavuta hewa vipande vipande.

"Aliruka kudaka mpira, akaanguka, akashindwa kuvuta pumzi," mwalimu alisema. "Nimefungua shati nikakuta hili dude. Vibanio vimeng'ang'ania. Nimejaribu kulichana kwa mikono nimeshindwa. Sijui nani alishona."

Mama Pindo akamsogelea mwanawe. Akapiga magoti, akaingiza mkasi chini ya kitambaa, akakata. Mishono yake mwenyewe ikamkatalia. Aliishona iwe imara, na sasa ilikuwa imara kweli. Alikata huku akimwomba mwanawe avumilie, mpaka fulana ikaachia. Kipa akavuta pumzi ndefu, ikafuatiwa na nyingine. Rangi ikaanza kumrudia usoni.

Mama akamfunika na kanga aliyojitanda begani. Kipa akamshika mkono.

"Mama, ni kama ya mama mkubwa?"

Mama Pindo akaweka mkasi chini.

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka kila kitu. Nilisikia mnasema uvimbe. Ndiyo maana sikukuambia. Niliona utalia tena kama ulivyolia." Kisha akauliza kwa ile sauti yake iliyokatika katikati, "Nitakufa?"

Mama alitaka kusema hapana. Neno lilifika mdomoni. Lakini alikuwa amechoka kudanganya.

"Sijui, mwanangu. Na mimi naogopa. Naogopa tangu siku ile ya futikamba. Simama twende tukaulize wanaojua."

Mwalimu akamshika Kipa upande mmoja, mama upande mwingine, wakaenda mpaka kituo cha afya.

Nesi aliyewapokea alikuwa mteja wa Mama Pindo. Sare aliyovaa siku hiyo ilipanuliwa kwenye cherehani ile ile ya chumba cha mbele. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye utani mwingi na mikono mitulivu. Alianza na pumzi na michubuko. Akasikiliza mapafu, akamkuta yuko salama, akasafisha vidonda vya kwapani. Kisha akavuta pazia.

"Kijana, nataka kuangalia kifua chako. Mwili ni wako, kwa hiyo naomba ruhusa. Ukitaka mama akae, atakaa. Ukitaka atoke, atatoka."

"Akae," Kipa akasema.

Nesi akamkagua bila haraka. Alimuuliza uvimbe ulianza lini, kama unakua kwa kasi, kama kuna majimaji au damu iliyowahi kutoka kwenye chuchu. Alimuuliza kama anatumia dawa yoyote, hata zile za kuongeza misuli zinazouzwa kwa siri. Alimuuliza kama amewahi kuhisi uvimbe kwenye korodani. Kipa alisema ulianza kitambo; kwa mengine yote akajibu hapana. Nesi akauliza kuhusu sauti, jasho na nywele za mwilini. Hapo Kipa akajibu ndiyo, akitazama ukuta.

Nesi akavuta kiti akaketi mbele yao.

"Haya. Nisikilizeni wote wawili, maana naona wote wawili mnaumwa. Hii si saratani. Kwa mvulana wa umri huu, saratani ya titi ni nadra mno. Nimeshika, inabonyea kidogo, inateleza chini ya kidole, ipo pale pale nyuma ya chuchu, na inauma kidogo ikiguswa. Haya ni mambo ya kubalehe. Wavulana wengi huyapata, pengine nusu yao. Tofauti ni kwamba hakuna anayesema."

"Nusu?" Kipa akauliza. "Hata kwenye timu yetu?"

"Sitakutajia mtu. Lakini huyo anayekuita dada, nisingeshangaa kama naye analala na shati."

Mama Pindo alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kipa akamgusa, akadhani analia kwa huzuni, kumbe kilio kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo.

"Lakini kwa nini mvulana aote matiti?" mama aliuliza alipoweza kusema. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Hakurogwa, hakula kibaya. Sikia, wewe ni fundi, nitakuambia kifundi. Cherehani yako ina nyuzi ngapi?"

"Mbili. Wa juu, na wa chini kwenye bobini."

"Ukitoa wa chini?"

"Haishoni."

"Sawasawa. Mwili wa mvulana nao una vichocheo vya aina mbili. Vile tunavyoviita vya kiume na vile tunavyoviita vya kike. Vyote viwili anavyo, na vyote anavihitaji. Wasichana nao wanavyo vyote, ila kwa kiasi tofauti. Sasa, ukinunua cherehani mpya ukaanza kushona, inakuwaje?"

"Inavuta. Uzi mmoja unakaza kuliko mwingine, mshono unajikunja."

"Unaitupa cherehani?"

"Kuitupa tena? Naisubiri itulie, narekebisha kidogo kidogo."

"Basi huyu ni cherehani mpya," nesi akasema, akimgonga Kipa gotini. "Vichocheo ndiyo kwanza vinaanza kazi. Havijalingana. Mshono umejikunja kidogo hapo kifuani. Mwili utajirekebisha wenyewe. Kwa wengi huisha baada ya miezi kadhaa. Kwa wengine huchukua mwaka, hata miwili."

Kipa alikuwa na swali lililomkaa kooni. Nesi akaliona, akamngoja.

"Nitageuka msichana?"

"Hapana. Hii ni dalili kwamba unakuwa mwanamume. Njia tu ina kona."

"Na goli?"

"Michubuko ikipona, rudi golini. Vaa shati pana, la rangi nzito kama unaona aibu. Likilowa halionyeshi sana."

Kisha akamgeukia mama, na utani ukamtoka usoni.

"Mama Pindo, usimbane tena. Kubana hakuondoi kitu. Kunaumiza ngozi, kunazuia pumzi, na leo umeona mwenyewe. Usikande, usikamue, usipake dawa yoyote ya kuambiwa na watu. Kikimuuma sana, kitambaa chenye maji ya baridi kinatosha. Na umlete nimtazame tena baada ya miezi michache. Lakini usingoje siku hiyo kama uvimbe utakua haraka, au utakuwa mgumu kama jiwe na kung'ang'ania mahali pamoja, au ngozi itabadilika, au chuchu itatoa majimaji au damu, au atapata uvimbe kwenye korodani. Hapo mlete siku hiyo hiyo. Na angekuwa mtoto mdogo ambaye hajaanza kubalehe, ningekutuma kwa daktari leo leo."

"Nimekuelewa."

"Sidhani umeshaelewa lililo kubwa. Mngekuja mapema, msingeteseka hivi. Mlichoogopa hakikuwepo. Na kingekuwepo, kuja mapema ndiko kungemsaidia."

Mama Pindo akaitikia kwa kichwa. Alimkumbuka dada yake, jinsi naye alivyoficha mpaka akashindwa kuficha. Hilo lilimuuma, akakubali limuume.

Siku mbili baadaye mumewe alirudi safari. Mama Pindo hakumpa hata nafasi ya kunawa mikono. Alimweleza yote, kuanzia futikamba mpaka mkasi, bila kujitetea. Dereva alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Mkewe alipomaliza, akakaa kwenye kiti cha wateja. Kisha akamwita mwanawe.

"Kipa, unajua kwa nini wananiita Koti?"

"Hapana, baba."

"Nilipokuwa rika lako nilikuwa na hicho ulicho nacho. Pande zote mbili. Nilivaa koti la baba yangu mwaka mzima, jua, mvua, darasani, machungani. Nilikuwa nikivuja jasho kama bomba bovu. Watoto wakacheka wakaniita Koti. Uvimbe ulipoisha nikalitupa koti, jina likabaki."

Mama Pindo alimtazama mumewe kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba yake.

"Miaka yote hii," akasema. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Mimi mwenyewe sikujua ni nini. Nilidhani niko peke yangu duniani." Akamgeukia Kipa. "Ningekuwa nimekuambia mapema, usingevaa lile dude. Nisamehe, baba."

 Kipa akaketi karibu naye, bega kwa bega, na hilo likatosha.

Fulana ile ilibaki siku kadhaa juu ya meza, imekatwa vipande. Mama Pindo hakutaka kuitupa. Mwishowe akaifumua uzi kwa uzi, akapata tabu haswa, na kile kitambaa kizito akakishonea pedi mbili za magoti. Kipa alizivaa siku aliporudi golini. Alifungwa magoli matatu siku hiyo, kwa kuwa mwili ulikuwa umesahau kazi. Alirudi nyumbani amejaa vumbi na furaha.

Miezi ikasogea. Mama alimpeleka kwa nesi kama alivyoagizwa, nesi akaridhika. Kifungo cha upande mmoja kiliisha kwanza. Cha upande wa pili kilichelewa, kikawa kidogo, kikawa kama punje, na siku moja Kipa akasahau kukitafuta. Sare zilipohitajika tena, mama alimwita chumba cha mbele. Safari hii hakumrushia tu futikamba.

"Nikupime?"

Kipa akanyanyua mikono yote miwili juu, kama anayengoja mpira wa kona.

Alikuwa bado amesimama hivyo, mama akiwa na pini zake mdomoni, pale jirani muuza mayai alipoingia. Mama huyu kwa kawaida sauti yake ilisikika kabla yake. Leo aliingia kimya, akakaa pembeni, akavuta kitambaa kimoja kutoka kwenye rundo na kuanza kukikunja bila sababu.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "nasikia kuna fulana ulishona zamani. Ya kubana. Nilikuwa naulizia tu kama unaweza kushona nyingine. Ya mtoto wa kiume. Si wangu. Wa ndugu yangu."

Mama Pindo alitaka kujibu haraka, lakini pini zilikuwa zimemjaa mdomoni. Akatoa sauti kwa pua, huku akitikisa kichwa kwa nguvu.

Kipa akashusha mikono. Alimtazama yule mama, vidole vyake vinavyokunja na kukunjua, macho yake mekundu ya kukosa usingizi. Akayajua macho hayo. Akavuta kiti akaketi mbele yake, kama nesi alivyoketi.

"Mama," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nzito toka mwanzo mpaka mwisho, "fulana hiyo haishonwi tena. Ni ya mwanao, sivyo? Usiogope. Hata mimi nilikuwa na uvimbe huo. Na baba pia."

Muuza mayai akaacha kukunja kitambaa. Mama Pindo akachomoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akaenda kubandika maji ya chai.